Zamu ya kidonge

Wahida, niko kituo cha afya na mama.

Kaanguka jikoni asubuhi. Presha mia mbili na kumi. Nesi akamuuliza, "Bibi, dawa umekunywa lini?"

Mama akajibu, "Juzi. Jana ilikuwa zamu ya mzee."

Zamu, Wahida. Dawa za presha zimepanda bei, basi yeye na baba wananunua za mtu mmoja na kupokezana. Tangu Ramadhani. Na mimi kila Ijumaa nawapigia, wananiambia wazima.

Nikamuuliza baba, aliyekaa pembeni yake, "Mbona hamkusema?"

"Una watoto wanasoma."

Nesi akampima na yeye. Yake iko juu kuliko ya mama.

Wamelazwa wote wawili, kitanda kwa kitanda. Baba kaniomba nisimwambie mtu. Nimekwambia wewe tu.