KIKAO CHA DHARURA KUHUSU WATOTO WANAOIKIMBIA KLABU

Klabu ya Michezo ya Nyota ya Kale, Mji wa Kale, Mombasa

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025, saa kumi alasiri (kilianza saa kumi na moja kasorobo)
Mahali: Ghorofa ya pili, juu ya duka la leso, Biashara Street
Waliohudhuria: Bw. Kadenge (Mwenyekiti), Bw. Mumo na Bw. Ngowa (Wajumbe), Bi. Mejumaa (Mkufunzi), Bi. Mirriam (Mwakilishi wa Wazazi), Bw. Khubaib (Katibu)
Hakuhudhuria: Bw. Kavumbi (udhuru: goti, na ngazi za ukumbi)

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua, kisha akaomba dakika tano apumue. Aliongezewa tano nyingine.

KUMB. NA. 2/6/2025: SABABU ZA WATOTO KUONDOKA
Katibu alisoma daftari: Januari watoto walikuwa arobaini na watatu, sasa ni kumi na sita. Mwenyekiti alilaumu simu. Bw. Mumo alilaumu wazazi. Bw. Ngowa alilaumu chipsi, huku akizila.

Bi. Mejumaa alieleza kwamba wanaocheza ni wale wale kumi na mmoja, na waliobaki huwalindia viatu. Alipendekeza watoto wa chini ya miaka kumi watolewe kwenye ligi na wote wacheze kila Jumamosi: kukimbia, kuruka kamba, kurusha na kudaka, kati (kukwepa mpira), hata kibe (kujificha na kutafutana), ili miili yao izoee kila namna ya mchezo na wapende kucheza hadi ukubwani. Mwenyekiti alijibu, "Hapa ni klabu, si bembea za uwanja wa Makadara siku ya Idi."

Bi. Mirriam aliuliza bintiye Sheryl, mwenye miaka tisa, atacheza lini. Aliambiwa atapangwa akishajua kucheza. Aliuliza atajuaje bila kucheza. Mwenyekiti alisema swali hilo halimo kwenye ajenda. Limo, Katibu ndiye aliyeiandika.

KUMB. NA. 3/6/2025: JARIBIO LISILOPANGWA
Mwenyekiti aliwaonyesha wajumbe picha ya ukutani: yeye, Bw. Mumo na Bw. Ngowa wakiwa na kombe la watoto wa miaka kumi na miwili. Bi. Mejumaa aliuliza ni nani kati yao aliyecheza tena baada ya kumaliza shule. Bw. Ngowa alirudia chipsi zake.

Bi. Mejumaa aliwaomba wasimame kwa mguu mmoja, kama watoto wafanyavyo kabla ya mazoezi. Bw. Mumo alidumu sekunde nne. Bw. Ngowa alidumu mbili, akashika pazia, likaja naye. Mwenyekiti alisingizia kiatu, akakivua, na hali ikawa ile ile. Katibu alipata sekunde tano na haoni la kujisifia.

KUMB. NA. 4/6/2025: UAMUZI
Pazia liliporudishwa, kura zilipigwa. Pendekezo liliungwa mkono na wawili, likapingwa na watatu wa kwenye picha. Katibu aliinua mkono, akakumbushwa kwamba hana kura. Iliazimiwa watatu hao wawe kamati ndogo ya kuchunguza kwa nini watoto hawadumu.

KUMB. NA. 5/6/2025: MENGINEYO
Bi. Mirriam aliweka mezani jezi namba kumi na tisa. Alisema, "Bwana Mwenyekiti, Sheryl kaniambia niirudishe. Mwanangu ana jezi, ana viatu. Mchezo ndio hana." Alishuka bila kuaga.

Mwenyekiti aliagiza jezi ifuliwe kabla ya kupewa mtoto mwingine. Katibu aliikunjua na kuikagua, akaingiwa na haya. Mikunjo ya dukani bado ilikuwamo.

Kikao kilivunjika saa kumi na mbili jioni, kabla ya adhana ya Magharibi.

Kadenge, Mwenyekiti ..................
Khubaib, Katibu ..................