Bi Mkubwa wa Chuma

Jumapili, 3 Mei

Basi akaingia na masizi mpaka ndani ya masikio. Nikamwambia, Barnaba, mume wangu, umetoka kwake tena? Anacheka tu. Riziki, andika hivyo hivyo, usinitengenezee maneno, mamako nimekuzaa nikijua kusema.

Mke mwenzangu ni loko, kichwa cha treni. Ya mvuke, ya Kiingereza. Ilizaliwa kwao, ikavuta makaa mgodini, ikauzwa huku Ubelgiji kusukuma mabehewa bandarini. Ilipochoka ikatupwa kwenye nyasi — mti ukaota kwenye bomba la moshi. Wazee wa shedi, banda la treni za zamani kule nyuma ya mtaa wa Jette, ndio wakaiokota, na Barnaba akawafuata. Tabora, alipokuwa dereva wa treni, ilikuwa hivyo, kila dereva na loko yake, mwingine haigusi. Sisi wake tuliziita bi mkubwa. Unamsugua shaba kwa majivu na limau, huku unamtukana.

Victorine wa ghorofa ya chini, wa Lubumbashi, kaniambia: maman, bibi ya pili ya chuma, alors uko na bahati. Ile haiombake pesa ya nywele.

Jumatano, 6 Mei

Mkaguzi wa boila, lile tangi la mvuke, anakuja Jumamosi. Ikivuja, basi — wataisimamisha katikati ya mzunguko wa barabara, ipandiwe maua. Barnaba hali chakula. Ikienda kwenye maua, na yeye anarudi kwenye kochi, kama mwaka ule ulipotuleta huku, Riziki, anatazama ukuta.

Nikaenda na limau zangu. Bwana Arnaud, mkubwa wao, kasema hapana, madame, tuna dawa ya chupa. Nikamngoja aende kahawa. Aliporudi akajiona kwenye shaba, akachana nywele.

Jumamosi, 9 Mei

Niko shedini, Riziki anaandika kwenye simu. Moto umewashwa tangu alfajiri. Mkaguzi ni mwembamba. Anagonga, anasikiliza, anamulika chini. Mshale wa presha unapanda. Bi mkubwa anapumua, shuu, shuu, kama mjamzito kwenye ngazi. Nami namwombea — mimi, niliyewalaani wenzake Tabora nzima kwa kuninyima mume sikukuu. Shikilia, mama. Usivuje.

Hajatia sahihi. Arnaud hata kukohoa anaogopa. Lakini kazima tochi, kapanda juu mwenyewe, anamuuliza Barnaba honi inavutwa wapi. Mtu anayetaka kukataa haulizi honi.

Nani? Baba yako? Anasema Mama Riziki panda, nafasi ipo. Na gauni hili? Haya, shika pochi.