Siri Niliyoipigia Kelele Koridoni

Alhamisi, jioni. Mvua ya Kyela haijakata tangu alfajiri, nguo nilizofua Jumatatu bado mbichi, na mimi nina hasira na kila mtu, kuanzia na mimi mwenyewe.

Asubuhi nilipita dukani hapa Mbugani kununua sabuni. Hata salamu haijaisha, muuzaji ananiuliza, "Daktari, yule binti wa jana aliyepasuliwa, kulikoni?" Ndivyo tunavyoishi. Ukinunua nyanya unaulizwa presha ya fulani, ukienda kanisani unaulizwa majibu ya damu ya fulani. Nikamjibu kwamba habari za mgonjwa hazisemwi dukani. Akanuna. Siku nyingine ningetoka pale nikijisifu, lakini leo nimetoka kichwa chini. Nyani haoni kundule, ila mimi langu nimeshaonyeshwa.

Ngoja nieleze. Nimebadilisha jina, kijiji na mambo mengine mawili matatu, ili hata jirani yake akisoma asimtambue.

Tuseme anaitwa Tumpe, tuseme anatoka upande wa Ipinda. Aliletwa jana saa nne asubuhi, tumbo limejaa, midomo imepauka, moyo unamwenda mbio. Vipimo vikaonyesha mimba ya wiki saba iliyotunga nje ya kizazi. Mrija umepasuka, damu inamwagikia ndani. Mtu wa hivyo hangoji.

Nilipomweleza alinishika mkono. "Dokta, mume wangu yuko machimboni Chunya tangu Krismasi, hajarudi hata siku moja. Hii habari isitoke humu ndani."

Sasa ni Aprili. Hesabu hiyo haihitaji shule. Nikamwambia haitatoka, na sikumuuliza la zaidi, kwa sababu si kazi yangu.

Ikaja fomu ya ridhaa. Tulifundishwa wazi: mtu mzima mwenye akili timamu anajisainia mwenyewe, awe ameolewa au hajaolewa. Lakini wodini kwetu kuna sheria nyingine isiyoandikwa popote. Mke wa mtu hapasuliwi mpaka mume aseme, na mume akikosekana, aseme baba wa mume. Sista Atupele, muuguzi wa siku nyingi, alikuwa ameikumbatia ile fomu kifuani. "Tukimgusa bila neno la kwao, Daktari, kesho wote wako hapa getini." Simu ya mume haipatikani. Na Tumpe, mwenye tumbo lake, mwenye haki ya kusaini, naye anasema, "Mpaka baba aseme."

Yaani unaweza kulia.

Baba mkwe alikuwa barazani, mzee mkulima wa mpunga, mabuti yamejaa tope. Nikamwomba aingie ampe binti neno lake. Akakataa. "Humo alimo yeye, mimi siingii." Sista akaninong'oneza kwamba kwao mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawaguswi na kivuli kimoja, na kwamba familia hii bado inashika mila. Akasema ngoja yeye mwenyewe apeleke maneno, huku na huku, dakika mbili tu.

Dakika mbili! Mimi ni mtu wa Singida, nina miaka mitatu hapa, na jana nilidhani miaka mitatu inatosha. Nikasema mila baadaye, uhai kwanza. Nikamshika mzee mkono wa koti, nikamvuta mpaka kitandani.

Tumpe, ambaye alikuwa hawezi hata kuinua kichwa, alipomwona alijifunika kanga usoni, akajiviringisha, akaanguka upande wa pili wa kitanda. Dripu ikachomoka. Mzee naye kageukia ukuta, anapapasa kutafuta mlango kama kipofu. Sista akapiga magoti kumwinua mgonjwa wangu sakafuni. Na mimi, badala ya kumsaidia, nikamkimbilia mzee koridoni na kumpazia sauti.

"Mzee, mimba imetunga nje ya kizazi, imepasuka! Anakufa, na nyie mnafichana nyuso!"

Mimba.

Nililisikia neno hilo likiwa limeshanitoka. Mzee alisimama, mgongo wake kwangu. Akasema, "Mpasueni. Aishi." Akatoka nje kwenye mvua.

Sista alipeleka neno. Tumpe akasaini. Ilichukua dakika mbili.

Upasuaji ulikwenda vizuri, na hilo namshukuru Mungu. Nilipomaliza nilikwenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wetu wa hospitali, nikamweleza kosa langu, nikitarajia kugombezwa. Akasema, "Ah, hilo dogo, la msingi mgonjwa kapona." Niliudhika zaidi kuliko angenifokea. Kapona tumbo. Nyumba anayorudi je?

Leo asubuhi Tumpe aliniuliza swali moja tu: baba anajua nini? Nikamwambia ukweli wote, nikamwomba radhi. Akavuta shuka hadi kidevuni. Kisha akaniomba niandike kwenye faili kwamba nimemtoa kidole tumbo.

Nikamwambia siwezi. Kuandika uongo kwenye faili ni kosa kisheria.

"Na kupiga kelele koridoni, dokta, ni halali?"

Akageukia ukutani, nami nikasimama pale na faili langu safi lisilo na uongo hata mmoja, nikajiona mpumbavu.

Mchana mzee alikuja. Alimpa Sista bakuli la ndizi za kupika na samaki ampelekee mgonjwa, yeye akabaki barazani. Akaniita pembeni. "Ndaga fijo, dokta," akashukuru, halafu hakuzunguka. "Mwanangu nimempata kwa simu. Anafika Jumamosi. Atakuja kukuuliza mkewe alikuwa anaumwa nini. Utamjibu nini?"

Nikasema ninachopaswa kusema. "Siruhusiwi kutoa habari za mgonjwa. Akitaka kujua, amuulize mkewe."

"Jana uliruhusiwa?"

Nilitamani sakafu inimeze.

Hakunicheka wala hakukasirika. Alisema taratibu, akiangalia mvua, "Mimi habari za mwili wa mkwe wangu siwezi kuzitamka. Hata mwanangu akiniuliza, hata nikitaka, mdomo haufunguki. Mila imenifunga. Wewe je, dokta, umefungwa na nini?"

Nilitaka kusema nimefungwa na kiapo, na sheria, na baraza la madaktari linaloweza kuninyang'anya leseni. Vyote hivyo nilikuwa navyo jana koridoni. Nikaishia kumwambia, "Naomba unisamehe, baba."

"Radhi kamwombe mwenyewe, aliyelala humo ndani," akasema, akafunga koti lake, akaondoka.

Jumamosi haikuwa zamu yangu. Nimempigia mwenzangu jioni hii, tumebadilishana. Hajui sababu, na sikumwambia. Basi la kutoka Mbeya huingia mchana, na mtu aliyetoka Chunya bila kulala atakuja moja kwa moja wodini, atauliza kwa heshima, kisha kwa hasira. Nataka anikute mimi. Nitamsalimia, nitampa kiti, na sitasema kitu.