Mlango wa Chumba cha Kumi

Pardoe,
9 Agosti 1978

Kwako dada Dulcie,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, na goti lako liwe limeacha kutabiri mvua. Mimi sijambo, ila nzi wa huku wamenizoea upesi mno. Wananiingia puani kama wenye nyumba.

Dada, nimetoka Port Pirie mpaka Pardoe kwa siku moja, mkono mmoja kwenye usukani, bila kusimama hata kwenda haja. Waulize madereva wote wa barabara hii. Watakwambia siku ile alipita dereva.

Basi, acha nikwambie ukweli, maana utaambiwa tu. Nilisimama kila palipouzwa pai. Usiku nililala garini, kwa sababu kangaruu mmoja alikaa katikati ya njia akinitazama kama karani wa serikali, na mimi si mtu wa kugombana na serikali gizani. Na kipande cha mwisho sikuendesha. Pikapu ilizimika, nikavutwa kwa kamba na jamaa wa greda, nikala vumbi jekundu mpaka meno yakawa matofali. Lakini usukani niliushika mimi! Na kila gari tulilopishana nalo nililiinulia kidole kimoja juu ya usukani, kama ilivyo adabu ya huku, nao wakaniinulia. Kamba waliiona, hawakusema neno. Watu wa heshima sana.

Mdogo wetu Horrie nimemkuta. Amekonda, suruali imebaki na mkanda tu. Hata mkono hakunipa.

"Dulcie ndiye kakutuma?"

"Mimi natumwa na nani, bwana mdogo? Nimekuja kutembea."

"Pai yangu iko wapi?"

Nikamwambia barabara ni mbaya, pai haikuvumilia.

Sasa nikupe habari za nyumba yake. Unajua huku wote wanaishi ndani ya kilima kama panya buku, kwa ajili ya joto. Sawa. Lakini kapera mmoja, mtu ana kitanda kimoja na sufuria moja, ana vyumba tisa! Nikamuuliza, "Unangoja wageni?" Akasema, "Natanua nyumba." Kumbe sheria ya mji inakataza kuchimba opali, vile vito vyao vya rangi rangi, ndani ya mji, lakini kutanua nyumba yako si kosa. Kwa hiyo mji mzima unatanua nyumba. Hata polisi wao ana ukumbi wa dansi, na mtu mwenyewe hachezi.

Nimemwambia afunge mzigo, Jumapili tuondoke. Amekubali, ila amalize kwanza chumba cha kumi. Siku mbili tatu tu, anasema.

Wasalimie kuku wangu.

Mdogo wako,
Clarrie

Port Pirie,
19 Agosti 1978

Mdogo wangu Clarrie,

Salamu. Goti halijambo, ahsante kwa kuliuliza hali kabla ya kuniuliza mimi. Kuku wako wazima, na wanataga kuliko ulipokuwepo. Nadhani walikuwa wanakuogopa.

Pai ile ilikuwa ya Horrie. Juu yake niliandika jina lake kwa kinyunga. Umekula jina la ndugu yako, ukaisingizia barabara.

Sasa acha mzaha, nisikilize. Yule daktari anayezunguka na ndege alinipigia simu mwenyewe. Moyo wa Horrie umechoka, ndiyo maana alianguka. Akianguka tena kwenye ngazi, humo shimoni, nani atajua? Baba alifia peke yake kwenye kibanda cha wakata manyoya ya kondoo, na aliyemkuta ni mleta barua. Mimi ndiye niliyeitwa kwenda kumtambua. Wewe ulikuwa kazini Queensland na Horrie alikuwa mdogo, kwa hiyo hamkuona nilichokiona. Sitaki kukiona tena.

Chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Kitanda kipo, na dirisha linatazama bustani. Jumapili uliyoitaja imepita.

Nilikutuma kumleta mtu. Usishike sururu. Nakujua.

Dada yako,
Dulcie

Pardoe,
3 Septemba 1978

Dada Dulcie, mwenye macho ya mbali,

Habari za siku? Huku tu wazima, ila mikono yangu ina malengelenge, na sababu yake usiniulize.

Haya, uliza. Sururu sikuishika. Nilishika koleo. Sururu niliishika Jumanne.

Usirushe sahani kwanza! Horrie moyo umechoka, ni kweli, ngazi moja tu anatweta kama mbwa wa kondoo. Sasa nani atamaliza chumba cha kumi ili tuondoke? Na kuna jambo. Alinionyesha ukutani, kwa tochi, mstari mdogo: kijani, bluu, halafu mwekundu kama moto. Nikapiga ukelele. Akaniambia, "Nyamaza. Unakwenda kushoto." Basi kila siku mimi nachimba, yeye amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaamuru kama meneja: "Kushoto. Kushoto tena, mzee. Wewe shule ulifundishwa kushoto ni wapi?" Namjibu shule niliiacha kabla hawajafika huko.

Lile swali lako nimemuuliza. Nilimwambia hivi: "Ukifa humu ndani, nani atajua?"

"Harufu itawajulisha."

"Huna jirani?"

Akawa anaikuna ndoo. Jirani yupo, anaitwa Zorka, mama mmoja mjane, Mserbia, anachimba mwenyewe na kulipua baruti mwenyewe. Lakini hawasemeshani, mwaka wa nne huu. Unajua juu ya kilima mabomba ya hewa yametoka ardhini kila mahali, na yote yanafanana. Jioni moja Horrie alimwaga maji ya vyombo kwenye bomba akidhani ni la shimo lake bovu. Lilikuwa la Zorka. Chini yake kulikuwa na meza, kitambaa cheupe, mshumaa, padri kaja kutoka mbali, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao. Maji yakamfika padri. Na mifupa ya kondoo ikafuata.

"Hukwenda kuomba msamaha?" nikamuuliza.

"Nilikwenda. Alikuwa na koleo mkononi. Nikarudi."

Basi ndivyo tulivyo. Tukipata tu mwisho wa ule mstari, tunakuja. Pikapu imepona.

Mdogo wako anayekutii,
Clarrie

Port Pirie,
12 Septemba 1978

Clarrie,

Mimi mzima. Rangi ya chumba cha nyuma imekauka.

Jumapili nilimwekea Horrie sahani mezani, ile yenye maua aliyokuwa akiililia utotoni. Nikala nikiitazama. Nikaiondoa.

Kama haji, aniandikie yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba amechagua kufa peke yake. Hapo nitakuacha uchimbe mpaka utokee China.

Dada yako

Pardoe,
8 Oktoba 1978

Dada yangu Dulcie,

Nakuja kwako kwa magoti, na magoti yenyewe si mazima. Najua nimenyamaza siku nyingi. Barua yako niliisoma, nikampa Horrie, akaisoma akaitia mfukoni. Kesho yake alfajiri akaniamsha: "Twende. Leo tunamaliza."

Nikapiga sururu, kushoto, kama kawaida. Pigo la tatu, sururu ikazama mpaka mpini na haikurudi. Nikavuta, ukuta ukaja nao! Vumbi lilipotulia tulikuwa tunatazama jikoni kwa mtu. Mitungi ya pilipili za siki imejipanga rafuni, ncha ya sururu katikati yake. Chini ya rafu, meza. Juu ya meza, supu. Ndani ya supu, kilima.

Zorka alikuwa ameketi, kijiko hewani.

"Jirani," Horrie akasema.

Dada, miaka minne hawajasemeshana, na neno lake la kwanza ni hilo.

"Mara ya kwanza uliniletea maji ya vyombo," mama akasema polepole. "Leo umeniletea ukuta. Mwakani utaniletea nini?"

"Nilikuwa natanua nyumba."

"Mpaka kwangu?"

"Nimepotea kidogo."

"Miaka thelathini uko chini ya ardhi hujapotea hata siku moja. Unapotea leo, na shati umepiga pasi?"

Hapo ndipo na mimi nikamtazama. Naapa sikuwa nimeona! Shati jeupe, nywele amezilowesha akazichana, kidevu kimenyolewa. Kwenda kuchimba! Nikamvuta pembeni. "Na ule mstari wa opali?"

Akanong'ona, "Kipande cha chupa. Nilikibandika kwa udongo."

Mwezi mzima, dada! Mimi, Clarrie, niliyewauzia watu wa Adelaide tandiko la farasi aliyekwisha kufa, nimechimbishwa na kipande cha chupa!

Nilikuwa bado natafuta tusi la kumtosha, Zorka akasimama na koleo lake. Tukarudi nyuma wote wawili. Kumbe anazoa udongo. Akazoa mara mbili, akaegemea mpini, akaniambia mimi, si Horrie: "Huyu anadhani simsikii. Kilima hiki chote ni sikio. Kila usiku namsikia anakohoa. Akikohoa, nalala. Asipokohoa, nakaa kitandani na viatu miguuni, nangoja."

Horrie akatazama chini. Nadhani lile vumbi lilimwingia machoni. Mimi lilinizidi.

Kwa hiyo, dada, simleti. Nimeshindwa kazi uliyonituma. Lakini huyu mtu hakuwa peke yake hata siku moja, na mjinga mwenyewe alikuwa hajui. Lile tundu halizibwi, linawekwa mlango, ila kwa sasa umeegemezwa tu. Horrie anasisitiza ni mlango tu, watu wasianze maneno. Mlango gani una komeo upande mmoja, na upande wenyewe ni wa Zorka? Asubuhi na jioni anagonga kwa kijiko. Asipojibiwa, anaingia na koleo. Tangu hapo Horrie anajibu upesi kama askari, na anakunywa supu, na mkanda umelegezwa tundu moja.

Ulitaka aandike kwa mkono wake. Kalamu amekataa, anaona haya, ila kanituma maneno haya: "Mwambie Dulcie chumba cha nyuma kizuri, lakini mimi ninavyo kumi. Ile sahani yenye maua aje nayo."

Ndiyo, uje. Zorka amekataa mlango utiwe bawaba mpaka mkubwa wa ukoo wetu asimame kizingitini anywe tone la kwanza la pombe yao. Anasema ni mila ya kwao. Mimi nadhani anataka kukuona tu, ajue aliyenilea mimi ana sura gani. Pombe yenyewe nimeionja kwa niaba yako. Goti litapona.

Panda basi la Alhamisi. Nitakupokea na pikapu, sivutwi.

Na ukija, njoo na mkasi wako. Mwaka jana nilikutengenezea mlango wa banda la kuku, ukaniahidi utanikata nywele, mpaka leo unasema "kesho". Sitaki kusimama mbele ya wageni na kichwa kama cha ndege emu. Pembeni tu, dada. Juu usihangaike, hakuna kitu.

Mdogo wako,
Clarrie