Huyu Mtu Amekula?

Mama mkwe wangu mpendwa,

Nimepoteza wiki mbili. Nilinunua riwaya huko Kericho mjini, ile inayosifiwa na kila mtu, nikaisoma mpaka mwisho. Mhusika wake hana jina. Anatembea ndani ya ukungu akijiuliza yeye ni nani, na ukungu wenyewe haulowanishi hata nguo! Mtu wa Litein, anayechuma chai ukunguni kila asubuhi, utamdanganyaje kuhusu ukungu? Kila ukurasa nilikusikia ukiuliza, "Huyu mtu amekula?"

Unakumbuka tulivyoanza? Nilipoolewa kwako sikujua Kikipsigis, wewe hukujua Kikuyu, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza. Siku moja lori la majani chai likachelewa. Tukakaa kwenye kituo cha kupimia majani kando ya vikapu vyetu, nikatoa riwaya mkobani nikakusomea, ili tu tusinyamaziane. Tangu hapo ukawa unaomba lori lichelewe. "Leta kitapu," ulisema kwa lafudhi yako ya Kikipsigis, nami nikicheka unanipiga kofi begani.

Hukujua kusoma, lakini mwandishi hakukuweza. Mtu akisafiri siku mbili bila kula, ulikataa tuendelee. "Hiyo ni uongo. Rudi nyuma, angalia kama alipewa hata chai." Nami narudi nyuma, naikuta. Leo nitubu, Mama: chai nyingi za vitabu vile nilizipika mimi.

Kile cha mwisho, cha yule mwanamume aliyemwacha mkewe akaenda kutafuta kazi, hatukukimaliza. Uliweka jani la chai pale tulipofika, ukaniambia nisiguse mpaka utoke hospitali. Hukutoka, nami sikugusa. Mwaka mzima kimekaa kabatini nami nakipita kama mtu niliyekosana naye. Ndiyo maana nilinunua hiki kipya. Nilitaka kitabu kisicho na wewe ndani, na nimekipata, ila hakina mtu yeyote. Nimekukumbuka sana.

Jana lori lilichelewa. Nilikuwa nimebeba kile cha zamani. Jani lako limekuwa la kahawia, linavunjika ukiligusa, lakini lilikuwa palepale. Nikasoma sura ya mwisho kwa sauti, wanawake wa foleni wakanitazama, nikawaacha watazame.

Amerudi nyumbani, Mama. Mkewe hakumuuliza kitu, alimwekea ugali kwanza, halafu chai.

Hiyo chai sikuongeza mimi.

Pumzika salama,
Mkamwana wako