Beseni la Idd Haliondoki

Jumatano, Mazinde. Jua limewaka tangu asubuhi, nami nimewaka kulishinda. Naandika kabla hasira hazijapoa, maana zikipoa nitaanza kuwa na adabu, na leo sitaki.

Chanzo ni beseni. Katika darasa langu la awali tunasoma hadithi ya mtoto anayesubiri nguo yake ya Idd kwa fundi cherehani. Nilitaka watoto waishike hadithi kwa vidole, siyo kuisikia tu. Kwanza nilijaza beseni mchele. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake akaniuliza kama siku hizi chakula kinachezewa. Nikaurudisha nyumbani, tukaupika.

Badala yake nikaweka singa, zile nyuzi za mkonge, zilizooshwa na kukaushwa vizuri. Ndani nikaficha vipande vya vitambaa alivyonipa fundi wetu, mabaki ya nguo za sikukuu anazowashonea watoto hawa hawa. Unafumba macho, unapapasa, unatafuta kipande cha nguo yako.

Leo ilikuwa shangwe tupu. Hata Petro, ambaye sikukuu yake ni Krismasi, alikuwa na kipande, maana mama yake hakubali mwanawe apitwe na watoto wa jirani.

Isipokuwa Zuhura.

Alipapasa mpaka chini kabisa. Mwaka huu kwao hawajapeleka kitu kwa fundi, nami sikulifikiria hilo hata kidogo. Niliumia. Yeye wala hakulia. Alishika pindo la gauni lake kuukuu, pale lilipokwisha kufumuka, akavuta mpaka kikatoka kipande, akakitumbukiza kwenye beseni.

"Na changu hicho," akasema. "Haya, fumbeni macho."

Wakafumba, wakaanza kugombania nani atakipata cha Zuhura.

Kumbe mwalimu mkuu alikuwa mlangoni. Akaniita nje, akaniambia niliondoe beseni, eti nawaaibisha watoto wa maskini.

"Siondoi, Mwalimu," nikamjibu. Mdomo wangu wenyewe ulinishangaza.

Nimeliwaza hilo njia nzima. Kukosea nimekosea, vitambaa vipya peke yake havikufaa. Kesho kila mtoto atatafuta kwao kipande cha nguo anayoipenda, iwe mpya au iliyochoka. Lakini kulificha beseni ili Zuhura asionekane hana? Huko ndiko kumwaibisha. Mtoto amejitengenezea nafasi kwa mkono wake, halafu mimi mtu mzima nimwambie mchezo umefungwa?

Thubutu!

Nikipewa onyo, nitalipokea. Beseni litakuwa pale pale, katikati ya darasa. Mwalimu mkuu akitaka liondoke, aje aliondoe mwenyewe, Zuhura akiwa ameingiza mikono yote miwili ndani. Tuone kama ataweza.