Siku Mado alipomkuta Tata Ngoie mbele ya televisheni

Jumapili. Mvua haijakatika tangu tutoke misani.

Barabara ya Kapata, mtaa wetu hapa Katanga, ni tope jekundu tupu. Umeme upo, na hilo peke yake ni la kushukuru. Moyo wangu ndio haujatulia.

Kila Jumapili alasiri jirani yangu Tata Ngoie huja kwangu kutazama filamu ya mfululizo. Ni mzee sasa, macho hayaoni vizuri, anavuta kiti mpaka karibu na kioo. Shujaa wetu ni komisere wa polisi. Anawauzia majambazi bunduki, ameua shahidi, lakini mke wake akiugua anashinda hospitalini akimlisha uji. Tunampenda. Akikaribia kukamatwa tunashika vichwa.

Juma lililopita Tata Ngoie aliniuliza, "Mama, huyu, weye ungemufunga?"

Nilicheka tu. Namjua Tata Ngoie.

Nilipokuwa mtoto, kampuni ya migodi ilipoanguka na mishahara ikakauka, wakubwa walisema Bakasai, watu waliotoka Kasai, ndio waliotumalizia kazi. Tata Ngoie alikuwa kijana mwenye sauti. Aliongoza wenzake nyumba kwa nyumba, wakiwatoa Bakasai. Mama yangu ni Mukasai, baba yangu alitoka kaskazini mwa Katanga, kama Ngoie mwenyewe. Ngoie alisimama mlangoni kwetu akawaambia, "Hapa mupite, ni kwa ndugu yangu."

Wakapita. Wakaingia nyumba iliyofuata, kwa kina Mado, rafiki yangu wa kucheza naye. Nilimwona akitoka na sufuria kichwani, nyuma ya mama yake aliyembeba mgongoni mdogo wake, Tshibangu. Walikwenda gare kungoja treni ya Kasai, pamoja na wengine wengi.

Mtu yuleyule alituokoa sisi na kuwafukuza wao. Sijawahi kujua nimwite nani.

Leo Mado amekuja kutoka Mbuji-Mayi, huko Kasai. Tumekuwa tukiongea kwa simu mwaka mzima, na nilimtarajia kesho. Amefungua mlango, maji yanamdondoka, na Tata Ngoie ameketi palepale mbele ya filamu.

"Ni mutoto wa nani?" mzee ameuliza.

Mado amejijibia.

"Wa Kabeya, nyumba ya jirani. Mi nakujua, Tata. Ulitufukuza. Tshibangu alikufia mu gare."

Nilidhani atajitetea: ujana, njaa, maneno ya wakubwa. Ameinamisha kichwa.

"Najua. Mi njo nilichimba kaburi yake."

Ametueleza polepole. Habari ilifika Kapata kwamba mtoto amekufa kwa surua, na Kabeya mwenyewe amelala na homa, hawezi kushika koleo. Ngoie akachukua koleo lake akaenda gare. Mama Mado hakumsalimu, wala hakumfukuza. Alimkabidhi mtoto, amefungwa ndani ya kikwembe.

Mado ameketi sakafuni na nguo zake mbichi. "Mama alisema aliyemuzika ni mutu moja wa Kapata. Mama amekufa bila kutaja jina."

"Jina yangu alikuwa anaijua," mzee amesema.

Katika filamu komisere alikuwa akikimbia juu ya mapaa, na hakuna aliyemtazama. Nimefikiri: tunampenda yule kwa sababu watu anaowaua hawana mama. Wanaanguka, kamera inapita. Hakuna hata mmoja anayerudi kubisha mlango akiwa amelowa.

Nilitaka kumchukia kwa niaba ya Mado. Nilitaka kumshukuru kwa niaba ya mama yangu. Nimeishia kuchemsha chai.

Mado hajamsamehe. Amemwambia usoni, bila kupandisha sauti: "Sikusamehe, Tata." Mzee ameitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Halafu Mado ameuliza kama bado anaweza kupaona mahali pa kaburi.

"Hata nikipofuka," amesema.

Kwa hiyo kesho asubuhi tunakwenda, sisi watatu, nyuma ya reli. Mado anataka kusimika msalaba. Nimemwambia njia imeharibika kwa mvua na miguu ya mzee haina nguvu, nitamshika mkono mimi.

Amekataa. Amesema atamshika mwenyewe, asije akaanguka kabla hajamfikisha kwa Tshibangu.